Nilikwenda Riyadh Kumwambia Mdogo Wangu Akae Chini

Nilikwenda Riyadh kumwambia mdogo wangu akae chini. Hiyo ndiyo sababu ya safari, na ukiiona ya kipuuzi hauko peke yako. Afisa wa uhamiaji aliponiuliza naenda kufanya nini nilimjibu naenda kutembelea jamaa, kwa sababu kweli yenyewe ingemfanya aniulize kama nina mtu wa kunisindikiza.

Mambo yalikuwa hivi. Mdogo wangu Mwanahamisi alikwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani, miaka ile mawakala walipokuwa wakipita mitaani kwetu Mombasa kama wauza samaki. Mkataba wake ulipokwisha, madam wake wa mtaa wa Al-Naseem alimwongezea mwaka mwingine bila kumuuliza, na pasipoti akaifungia kabatini. Asubuhi moja Mwanahamisi alitoka na mfuko wa taka, akautupa jaani, kisha akaendelea kutembea mpaka kituo cha polisi. Polisi wakampeleka kwenye ofisi moja inayoshughulikia watumishi waliotoroka. Sitaitaja jina, sitaki kesi juu ya kesi. Wanawake hulala ukumbi wa nyuma, na asubuhi huletwa ukumbi wa mbele kungoja kuitwa mmoja mmoja ili wapewe karatasi ya kuondoka nchini.

Ukumbi wa mbele una viti. Lakini karani wa hapo ana sheria yake: wageni vitini, watoro sakafuni. Asiyekaa chini haitwi. Wanawake wenzake walikaa chini, wakaitwa, wakaenda zao. Mwanahamisi akasimama. Kila asubuhi alisimama ameegemea ukuta, na kila asubuhi faili lake likarudishwa chini ya mengine.

Haya nilielezwa kwa simu na Achieng, msichana wa Kisumu aliyekuwa naye humo ndani. "Auntie, please, ambia sister yako akae tu," alisema. "Karani akimwona amesimama anakasirika, na hasira yake inatuangukia sisi wote."

Mimi ni mpishi wa arusi, na arusi iliyokuwa mbele yangu ilikuwa ya Zuena, binti yake Mwanahamisi. Tulikuwa tumeshaiahirisha tukimngoja mama mtu. Upande wa bwana arusi walishaanza kuuliza maswali ya kiungwana yenye miba ndani yake, na tungeahirisha tena posa ingevunjika. Kwa hiyo kilichomzuia Mwanahamisi asimwoze mwanawe hakikuwa kafili, yule mwajiri aliyemdhamini, wala viza. Kilikuwa sakafu. Niliudhika mpaka nikaunguza pilau, jambo ambalo halijapata kunitokea kwenye shughuli ya watu.

Kabla ya kuondoka nilimpigia simu Nassoro, mtoto wa kaka yetu, anayesomea sheria Ubelgiji. Nilimshuku yeye kuwa ndiye aliyemtia mdogo wangu maneno ya kusimama, maana nilijua huzungumza naye. Wala hakukana. Alinieleza kwamba huko Ulaya kuna mahakama ya haki za binadamu, na kwamba wenye mamlaka hawaruhusiwi kumdhalilisha mtu hata kidogo. Hata kofi moja la polisi limeshafikishwa mbele ya majaji. "Si lazima mtu aumizwe, Shangazi," alisema. "Inatosha kumfanya ajione duni machoni pake mwenyewe. Na serikali haiwezi kujitetea kwamba watu walikuwa wengi au viti vichache."

"Na mahakama hiyo ina tawi Riyadh?" nikamuuliza.

"Haina, Shangazi."

"Basi," nikamwambia, nikakata simu.

Jeddah nilipokelewa na Mzee Suleiman na mkewe Bi. Asya. Ni watu wa Unguja, wazee wao walihamia huko baada ya mwaka sitini na nne, na wana udugu na marehemu mume wangu. Wao ndio walionifanyia viza ya ziara. Nyumba yao iko upande wa Al-Hindawiyah, mtaa wa zamani, nguo zimeanikwa kila dirisha na Kiswahili unakisikia mpaka dukani. Sebuleni mlikuwa na makochi makubwa yenye nakshi za dhahabu, nikaelekea huko. Bi. Asya akanishika mkono. "Njoo huku chini, bibiye. Makochi yale ya watu tusozoeana nao."

Akatandika busati, akaleta sinia la wali wa nazi na samaki wa Bahari ya Sham, tukala kwa mikono tukiwa tumekunja miguu. Nilijisemea moyoni, haya, na mdogo wangu ana maringo gani ya kukataa sakafu? Sisi sote tumezaliwa juu ya mkeka.

Tulitoka Jeddah na gari ya Mzee Suleiman, Bi. Asya mbele, mimi nyuma na vyakula. Baada ya kupanda milima ya Taif hakuna tena cha kukusimulia: ni jangwa, nguzo za umeme, ngamia wachache na kituo cha mafuta, kisha jangwa tena. Mzee Suleiman alikuwa karani bandarini Jeddah mpaka alipostaafu, akawa ananifundisha tabia za makarani kama mtu anayeeleza tabia za nyuki. Alisema karani mdogo hana uwezo wa kukupa kitu wala kukunyima, uwezo wake ni wa kukuchelewesha tu, kwa hiyo huutumia wote. Ushauri wake ulikuwa nisimjibu, nisicheke, nisilie. Nilimwambia sikuja kumjibu karani, nimekuja kumkalisha mtu chini.

Riyadh tulifikia kwa binti yao, huko huko Al-Naseem. Barabara ya pili ndiko ilikokuwa nyumba ya yule madam. Bi. Asya aliuliza kama nataka kupita niione. Nikasema sitaki, nisije nikagonga mlango.

Asubuhi tulikwenda ofisini. Kwa kuwa nilikuwa na viza ya ziara na nimeingia na mzee aliyevaa kanzu nyeupe na kitambaa cha shemagi kichwani, karani alinionyesha kiti. Wanawake walikuwa wamejaa sakafuni, vigae vitupu, baridi ya kiyoyozi inawapiga migongoni, na mbele yao safu ya viti haina mtu. Mwanahamisi alikuwa ukutani. Alikuwa amekonda na macho yameingia ndani. Nilimkumbatia, nikalia kidogo, kisha nikaanza kazi iliyonipeleka.

Nilimwambia mkono usioweza kuukata, ubusu. Nilimwambia Zuena anamngoja, wakwe wamechoka, na kukaa chini hakujaua mtu. Alinisikiliza kwa adabu kama nilivyomlea. Nikamwambia haya yote ni maneno ya Nassoro.

"Nilianza kusimama kabla sijazungumza na Nassoro," akasema. "Yeye kanipa jina la jambo hili tu."

"Jina halikupi karatasi, Mwana."

"Dada, kwa madam nshakaa sana chini. Nikala mlangoni, nikajiambia ndio kazi, na nyumba ni yao. Hapa ni pa serikali. Nimekuja kwa miguu yangu kuomba haki. Nikikaa sakafuni na hapa, nitarudi kwa Zuena nikiwa nani?"

Nilitamani kumzaba. Karani naye akaja, na Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu kabisa, cha pwani. Sikutaka hata kujua ni mtoto wa nani. Aliniuliza kwa upole wa kuudhi: "Kwani kwenu hamkai chini, mama? Mnakula chini, mnaomboleza chini, mnaozana chini. Leo imekuwa tusi?"

Hayo hayo ndiyo niliyokuwa nikiyasema mimi tangu Mombasa. Nilirudi Al-Naseem nimekasirika na watu wawili, na aliyeniudhi zaidi ni mdogo wangu.

Jioni, nikiwa jikoni kwa binti wa Bi. Asya nachambua mchele, likanijia wazo ambalo nililiona la akili sana. Maisha yangu yote nimekalisha watu chini, na hakuna aliyewahi kulalamika. Kwanza unafagia. Kisha unatandika. Kisha unasema karibuni. Nikamwomba Mzee Suleiman anipeleke soko la Batha, nikanunua busati kubwa la plastiki, jekundu, lenye maua. Karani atapata watu wake chini, nilijisemea, na Mwana atapata heshima yake, nasi sote tutakwenda nyumbani.

Kesho yake niliwahi ofisini, nikamwomba mfagiaji ufagio, nikafagia mwenyewe. Nikatandika. Nikawaambia, "Karibuni, wanangu," nami nikakaa wa kwanza. Wakaja. Wakavua ndala, wakanyoosha miguu, mmoja akaanza kumsuka mwenziwe. Achieng alicheka kwa mara ya kwanza tangu nimwone. Ukumbi ukawa kama uani kwa watu siku ya mkesha wa arusi. Mwanahamisi alitazama lile busati kwa muda mrefu. Kisha nikamwona anainama, anafungua ukanda wa kiatu.

Karani akatoka chumbani mwake. "Kunja hiyo."

Nikamuuliza kwa nini. Akasema ofisi itachafuka. Nikamwambia nimefagia, na busati ni jipya, na wote wamekaa chini kama anavyotaka.

"Wakae chini," alisema. "Si hivyo."

Wakainuka. Wakavaa ndala, wakarudi vigaeni, na yeye alisimama pale pale mpaka nilipomaliza kulikunja. Mwanahamisi alifunga tena ukanda wa kiatu chake. Hakunitazama, na namshukuru kwa hilo. Nilikuwa nimesafiri kutoka Mombasa kumfundisha jambo ambalo yeye alikuwa analijua siku zote, na ilibidi nifukuzwe juu ya busati langu mwenyewe ndipo niamini.

Sikurudi kwenye kiti. Nilikwenda ukutani nikasimama kando yake, busati kwapani.

Mzee Suleiman alikuwa kwenye kiti cha wageni anasoma gazeti. Akalikunja. Akainuka taratibu, kwa maana magoti yake ni mabovu, akaja kusimama mbele ya meza ya karani. Alizungumza Kiarabu, tena kwa sauti ndogo, na baadaye ndani ya gari ndipo alipotueleza alichosema. Alimwambia: "Huyu mama ni mgeni wangu, kalala kwa mwanangu. Mgeni wangu akisimama, mimi siwezi kukaa."

Karani akamletea kiti. Mzee akakikataa. Karani akaniletea mimi. Nikamwambia nitakaa mdogo wangu akikaa. Wenye shida zao waliokuwa vitini, wanaume wa hapo hapo mjini, walianza kugeuka kutazama mzee wa watu anavyosimama kwa tabu. Uso wa karani ukabadilika. Akalivuta faili la Mwanahamisi kutoka chini kabisa, akaligonga muhuri kwa nguvu, akaisukuma karatasi mezani kama anayemtupia paka mfupa.

"Yalla. Halas. Chukua hiyo, mtoro, mwende."

Mwanahamisi alikwenda mpaka mezani, hakuharakisha. "Naitwa Mwanahamisi," akamwambia, ndipo akaichukua.

Kwa hiyo usinisifu kwamba tulishinda. Tulifukuzwa tukiwa na karatasi. Wengine tuliwaacha pale pale vigaeni. Nilipogeuka mlangoni nilimwona Achieng anainuka, anajisogeza ukutani mahali alipokuwa Mwanahamisi. Karani akamuuliza anafanya nini. Akasema ananyoosha miguu tu. Mlango ukajifunga kabla sijaona kama alikaa.

Njia ya kurudi Jeddah Mwanahamisi alilala karibu safari nzima, kichwa begani kwangu. Bi. Asya alitutandikia tena busati lake, naye Mwanahamisi akala amesimama jikoni, akasema amechoka kukaa garini. Hakuna aliyemlazimisha.

Tulipofika Mombasa nilimpigia Nassoro, na safari hii nilimsimulia kila kitu. Aliponisikia nikitaja "si hivyo", alinisimamisha, akaniambia nirudie. Akasema huko kwao maneno hayo mawili yangekuwa uti wa mgongo wa kesi, kwa sababu sakafu peke yake inaweza kubishaniwa, lakini nia ya kumshusha mtu ikishajulikana haina utetezi. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Nilipomuuliza tufanye nini kuhusu Achieng, akanikumbusha kwamba mahakama hiyo haina tawi Riyadh. Achieng alirudi Kisumu baadaye kabisa. Alinipigia kunijulisha amefika salama. Hakuniambia kama aliitwa amekaa au amesimama, nami sikuuliza.

Arusi ya Zuena tuliifanya uani kwetu. Nilifagia mwenyewe, nikatandika majamvi mwenyewe, na lile busati jekundu la Batha nikaliweka kivulini, mahali pazuri kuliko pote. Wakwe wakaja, wakakaa, masinia yakaanza kutoka. Mwanahamisi alikuwa mlangoni akipokea watu. Wageni wakaisha kuingia, naye bado amesimama, mgongo ukutani, na mama mkwe wa Zuena akawa anatupa jicho kwamba mama wa bibi arusi mbona hakai.

Nilitaka kumwita. Neno la "kaa" lilikuwa limeshanifika mdomoni, nikalimeza. Nikaziacha sufuria zangu, nikafuta mikono, nikaenda kukaa juu ya busati mimi mwenyewe. Ndipo nikamwambia, "Karibu, mdogo wangu."

Alinitazama. Akainama akafungua ukanda wa kiatu, kile kile, akakaa, akanyoosha miguu yote miwili.

"Sogea, Dada," akasema. "Umelichukua lote peke yako."