Mikono ya Bonge

Mama Bonge ni dobi wa pasi ya mkaa mpaka leo. Mwambie habari za umeme, atakuuliza kama shati lako limewahi kurudi na mkunjo. Alizaa mtoto mmoja tu. Mwili ukakua, akili ikabaki ya kitoto, watu wakamwita Bonge, na mama mtu akaliitikia jina hilo bila kuona haya.

Nyumba ya dobi ni makaa kila pembe. Bonge alipoungua kiganja akiwa mdogo, mama alimfundisha jambo moja kuliko yote: mtu akisogelea moto, mvute. Akisahau, mama alisema, "Vuta," naye anavuta. Wateja walicheka.

"Mama Bonge, umeweka askari humu?"

"Askari analipwa. Huyu anakula tu."

Hadi siku mtoto wa mteja alipoinyooshea pasi mkono. Bonge akavuta. Mkono wa mtoto ukavunjika, na baba yake pale mlangoni hakuiona pasi, aliliona jitu.

Mahakama ikasema Bonge hana akili ya kushtakiwa. Mama Bonge akashukuru, akakaza kitambaa chake cha kichwa, akijua wanarudi nyumbani. Kumbe wapi. Bonge akapelekwa kwenye nyumba ya ukuta mrefu, akae humo mpaka jopo la wakaguzi liridhike kwamba si hatari. Mwizi huambiwa atatoka lini. Bonge hakuambiwa.

Humo ndani akamvuta mpishi jikoni, akamvuta mfagiaji aliyepita karibu na jiko. Kila jopo lilipokaa, likasema bado.

Muuguzi wa zamu akamwita mama pembeni. "Mama, mimi najua kwa nini anavuta. Wale wanataka kuona mikono imetulia. Mfundishe aikalie."

"Nimemlea mimi, kijana. Unaniambia nimemlea vibaya?"

"Nakuuliza tu, unamtaka nyumbani au humtaki?"

Mama Bonge alinuna njia nzima. Lakini kila alipokuja kumwona mwanawe alibeba chupa ya maji ya moto, akamimina mbele yake. "Kalia mikono, baba." Bonge alilia, akaikalia. Mwisho akaweza kuutazama mvuke bila kuinuka, ila jasho lilimtoka kama aliyebeba gunia.

Siku ya jopo alikaa vile vile. Mwenyekiti, mwanamke wa makamo mwenye miwani, akamuuliza akitoka atafanya nini.

"Kukunja shati. Mama hajui ya mikono mirefu."

Wote wakacheka, hata mwenyekiti. Mama Bonge, aliyekaa nyuma na yule muuguzi, akaanza kuwaza shuka za kitanda cha mwanawe.

Ndipo mlango ukafunguliwa, ikaletwa chai. Birika likatuliwa ukingoni mwa meza, juu ya makaratasi, mdomo unafuka. Bonge akamtazama mama. Mama akatikisa kichwa. Bonge akaikandamiza mikono chini ya mapaja, kiti kikatoa mlio.

Mwenyekiti akageuka kumnong'oneza mwenzake. Kiwiko kikagusa birika, likaanza kulala upande wa mapaja yake.

Mama Bonge hakuamua kusema. Makaa ya maisha yake yote yalisema.

"Vuta."

Bonge akavuta. Birika likamwaga chai ya moto juu ya kiti kitupu. Mwenyekiti alikuwa ukutani, miwani chini, kifundo cha mkono ndani ya ule mkono mkubwa. Hakudondokewa na tone. Askari wakaingia.

"Nimevuta, mama," Bonge alisema, anacheka.

Muuguzi alikuwa anamkonyeza mama anyamaze. Mama Bonge akasimama, akajinyoosha. "Umevuta vizuri, baba."

Mwenyekiti akasugua kifundo chake, wala hakukitazama kiti kilicholowa. Alimtazama Mama Bonge.

"Kumbe anatumwa," akasema polepole. "Huyu mama asimwone tena."

Bonge alishikwa huku na huku, akapelekwa mlango wa ndani. Akageuza shingo.

"Mama, sasa nikalie mikono?"

Mama Bonge alifungua kinywa, na mlango ukafungwa.