Siku Mama Alipoanika Jeli Yangu

Mama yangu aliosha madini hapa Kolwezi miaka mingi, na mikono yake haijasahau. Kwenye depo, madini yakiwa na maji wanunuzi wanayakatia uzito, basi kila mtu anayaanika kwanza. Sasa kila kitu kibichi anachokiona, mama anakianika.

Mi nilirudi Musonoi, mtaa wetu, kutoka chuo cha Lubumbashi na jeli niliyoitengeneza mwenyewe, laini kama mkate uliolowa. Ukiitumbukiza katika maji ya kisima inayanywa, uchafu na shaba vinabaki nje. Ubavu wake unang'aa kama kioo. Jua likiipasha, unageuka mweupe kama maziwa, jeli inajikunja na kutema maji safi. Tulishayapima maabarani, sikuwa na wasiwasi nayo. Ila kisima cha avenyu yetu hakuna aliyekunywa maji yake tena kwa ajili ya shaba, na wamama wa kanisa walisema wazi: tutakuja Jumapili baada ya misa, tusiporidhika utaondoa vyombo vyako vya majaribio.

Jumapili nikaiacha jeli ikilowa ndani ya beseni, nikaenda kuwaleta. Tunaingia lupangoni, uani kwetu, tunamkuta mama ameinama juu ya turubai, kitambaa mkononi, anaipangusa jeli.

"Mwana, nilikuta inajaa maji," akasema. "Nimekukaushia, basikukatie uzito."

Maji yote yalishaishia udongoni.

"Aka, mama! Maji ile njo nilikuwa natafuta!"

Nilipiga kelele mbele ya watu, hasira imenipanda kweli. Wamama walicheka mpaka wakashikana mabega. Mama hakucheka. Alichukua ndoo, akateka kisimani mwenyewe, akairudisha jeli kwenye beseni.

Wageni walikaa kivulini wakilalamika njaa. Jeli ilipovimba tena tuliiweka juani, juu ya chujio. Ubavu ukaanza kuwa mweupe. Tone moja, jingine, halafu mfululizo, na wamama wakasogea karibu.

Bilauri niliyoiweka chini ya chujio ikajaa. Hakuna aliyenyoosha mkono. Kila mmoja alimtazama mwenzake, nami nikaanza kuhesabu kazi yangu yote kuwa imekufa pale pale.

Mama akainyakua, akanywa mpaka tone la mwisho, akapangusa mdomo.

"Shaba siisikii," akasema. Kisha akainua sauti, wasikie hata majirani nyuma ya ukuta: "Ni mutoto wangu alitengeneza hii! Mutoto wangu mi! Nani anafuata?"

Wakaanza kugombania bilauri.