Jezi za Kipa wa Barafuni

Johannesburg, mtu anayekuibia vizuri ni yule anayekusalimia kwa Kiswahili. Wenyeji wakitaka simu yako wanaichukua mchana kweupe, na yamekwisha. Wa kwetu hukuuliza kwanza unatoka wapi, mama hajambo, unasali kanisa gani. Ndiyo maana mwaka 2015, Mkenya mmoja alipoingia kwenye chumba changu cha ushonaji pale Doornfontein na mfuko mkubwa mweusi, akaniita ndugu yangu, nilivuta mkasi karibu.

Mfukoni mlikuwa na jezi nene za mikono mirefu, pana kupita kiasi, mgongoni zimeshonewa majina ya watu. Alitaka nifumue majina matatu na kushona mengine. Nikamuuliza jezi ni za nani. Akasema ni za timu yake, wanacheza hoki juu ya barafu, na yeye ndiye kipa.

Nilimtazama kuanzia utosini hadi viatuni. Mkenya. Barafu. Johannesburg. Mimi ni mtu wa Bukavu, nimesikia uongo wa kila namna, lakini huo ulikuwa na ufundi wake.

Nilikuwa na sababu. Mwaka uliotangulia, Mtanzania mwenye maneno matamu aliniletea suti za michezo za shule, nifumue nembo. Kumbe ni za wizi. Polisi waliichukua cherehani yangu, wakanilaza ndani siku mbili, na ofisi ya wakimbizi nusura ikatae kuifanya upya karatasi yangu ya ukimbizi. Karatasi hiyo ndiyo iliyoshikilia kila kitu: kazi, chumba chetu cha kulala mtaa wa Observatory, shule ya wanangu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kwa hiyo kazi ya yule Mkenya niliifanya mlango ukiwa wazi, ili kila apitaye koridoni awe shahidi kwamba sifichi kitu.

Alirudi kila mwaka, msimu wao ukikaribia, na kila mara majina ya kufumua yalizidi ya kushona. Huyu amehamia Perth, yule Toronto, mwingine goti limekataa. Alikaa kwenye kigoda akanisimulia nikiwa nafumua. Timu ilianzishwa na mafundi mitambo wa kiwanda fulani pamoja na wanafunzi wachache, katika ligi ndogo ambayo hata magazeti hayakuijua. Walichezea kwenye jengo la maduka kaskazini mwa jiji, lenye ukumbi wa barafu ndani, wakingoja watoto wa sherehe za kuzaliwa watoke barafuni ndipo nao waingie. Kikombe walishinda mara moja tu, wakakisahau kwenye teksi siku hiyohiyo.

Nilimtega. Mwaka huu namuuliza kikombe kilipotelea wapi, mwaka ujao namuuliza tena kama vile sijawahi kusikia. Ndivyo maofisa wa wakimbizi wanavyotufanyia sisi: swali lilelile mara tatu, wakivizia ukosee. Yeye hakukosea hata mara moja. Badala ya kunituliza, hilo lilinitia wasiwasi zaidi, maana msema kweli husahausahau. Kila mwaka alinikaribisha nikawatazame wakicheza. Nilimjibu kwamba Jumamosi nina mazoezi ya kwaya.

Mwaka 2019 alileta jezi zote, kumi na tano. Nifumue majina yote, alisema, maana siku hizi wanaazima wachezaji na hawajui nani atakuja wiki hii. Namba zilizochanika nizishone upya, kwa kuwa mwamuzi hamruhusu mtu asiye na namba. Jumamosi walikuwa na mechi, na ligi ilikuwa imewaonya: wakikosa kucheza mara moja tu, timu inafutwa. Angezichukua Ijumaa jioni.

Dada wa Kirundi, msusi wa chumba cha pili, alikuja kuzitazama.

"Eish, kaka," akasema. "Miaka yote hii, barafu yenyewe umeiona?"

Sikuwa nimeiona. Alhamisi polisi wakapita mtaani kwetu wakitafuta mali ya wizi, na mafundi wawili wa ghorofa ya chini wakapakiwa garini. Juu ya meza yangu zilikuwapo jezi kumi na tano zilizofumuliwa majina. Nilizisokomeza kwenye mifuko ya mchele, nikazipeleka Observatory uvunguni mwa kitanda, nikafunga chumba cha kazi na kuzima simu hadi Jumatatu. Nilijiona mwerevu kwelikweli.

Jumatatu alikuja akiwa na tai shingoni, ametoka kazini kwake Marshalltown. Nilikuwa nimezipanga jezi mezani, namba zote zikiwa tayari. Alizigusa, hakuzichukua. Aliniambia alikuja Ijumaa akakuta kufuli, akarudi Jumamosi asubuhi akakuta kufuli.

"Wale wapinzani walitaka kutuazimisha jezi zao za mazoezi," akasema. "Nikakataa. Nikawaambia fundi wangu ni mtu wetu, hawezi kuniangusha, anazileta mwenyewe. Refa akatupa nusu saa. Nikasimama mlangoni kukungoja, na viatu vya barafuni miguuni, vile vyenye visu chini."

Nusu saa ikaisha. Timu ikafutwa palepale, na wachezaji waliobaki wakaagana kwenye maegesho ya magari.

Aibu ilinipanda hadi masikioni. Ukweli ulikuwa mdomoni kabisa, lakini nilishindwa kumwambia mtu huyo kwamba kwa miaka minne nilimwona mwizi. Nikasema nilikuwa mgonjwa, homa kali, siku tatu sijitambui. Kisha nikangoja swali la pili, lile la mtego, ambalo mimi nisingeacha kuuliza.

Alinishika bega.

"Pole sana, ndugu yangu," akasema. "Si ungetuma mtu aniambie, ningekuja kukuona."