Mbio za Hilkka na Jumamosi ya Sauna

"Hilkka, unakimbizwa na nani?" Raili alimwuliza jirani yake asubuhi moja, theluji ikiyeyuka, naye yuko mlangoni na kikombe chake cha kahawa. Hilkka, mpishi mstaafu wa shule, hakusimama. Alijibu kwamba anakimbizwa na miaka, na bado haijamkamata.

Mwaka uliotangulia moyo ulimlaza hospitali, na mbio za kanisa za kuzunguka ziwa akazitazama dirishani. Safari hii daktari alimruhusu, mradi mapigo ya moyo yasipande kupita kiasi. Ndipo Outi, binti yake anayekaa mbali, mjini Turku, akamletea saa ya michezo pamoja na vipokea sauti vya masikioni vyenye kupima mapigo. Saa ilihesabu mwendo na hatua tu, maana Hilkka aliifunga juu ya sweta, hakutaka baridi yake mwilini. Mapigo yalisomwa sikioni. Yote yaliingia kwenye simu, na Outi akayaona huko huko Turku. Walikubaliana hivi: namba zikitulia, mama atakimbia, zikichafuka, atabaki nyumbani.

Zilitulia, Mungu ni mwema. Hilkka alikimbia taratibu kati ya misonobari, nyimbo za ibada masikioni, akishukuru njia nzima.

Ikafika Jumamosi, kesho yake mbio. Alitoka mazoezini akaingia na Raili sauna, kibanda cha kuogea mvuke wa mawe ya moto kando ya ziwa, kama Jumamosi zote; sauna daktari hakuikataza, naye ameizoea tangu utoto. Saa aliitundika msumarini kwenye chumba cha nguo, simu akaiacha benchini hapo hapo. Vipokea sauti alivisahau masikioni, wimbo ulikuwa haujaisha. Raili akamwagia mawe maji, mvuke ukapanda. Hilkka naye akamwaga, kwa kuwa hakuna kati yao aliyewahi kukubali kutoka wa kwanza. Mwishowe walitoka pamoja, wekundu kama nyanya, na Raili akamchomoa vile vidude mlangoni.

"Wewe, unakwenda kuwaimbia samaki?"

Wakajitupa ziwani wakicheka.

Waliporudi, simu ilikuwa inalia. Alikuwa Outi. Mapigo ya mama yalikuwa juu muda mrefu, alisema, na saa haikuonyesha hatua hata moja. Alidhani ameanguka njiani.

"Mama, umenitia hofu. Kesho hukimbii."

Hilkka akaketi na taulo lake mabegani, furaha yote imemtoka.  Raili akaichukua simu.

"Outi, mwanangu, mama yako alikuwa sauna na mimi, na vidude vyako masikioni, joto ndilo lililompandisha mapigo. Ana ubishi huyu, hana ugonjwa."

 Kisha Outi, aliyeogeshwa ndani ya sauna ile ile tangu mchanga, akaanza kucheka mpaka akashindwa kusema. Alipopata pumzi, alimwomba mama avivae tena. Hilkka akavivaa, akatulia, na huko Turku namba zikashuka polepole mpaka mahali pake.

Basi Outi akakubali mama akimbie. Ila atakuja mwenyewe, akasema, amsubiri mwisho wa mbio na kiti na blanketi.

"Kiti kiache," Hilkka alimwambia. "Nakuomba uwashe sauna, nikifika nikute mawe yamepata moto."