Mama Nani Anakwenda Kuona Barafu

Koti nililinunua soko la Kianjokoma, kwenye marundo ya mitumba, kabla sijajua kama nitapata viza. Lilikuwa zito, la rangi ya majivu, na mfuko mmoja umetoboka. Muuzaji alinitazama nikilijaribu katikati ya jua kali, akaniuliza kama nahamia juu ya mlima. Nikamwambia naenda kuona barafu.

"Barafu?" akasema. "Si ununue hapo dukani, mama? Ziko za kila rangi."

Waliokuwa karibu wakacheka, nami nikacheka pamoja nao, kwa sababu ni adabu kucheka mtu anapokutania. Nikalipa, nikaondoka.

Mimi ni mkulima wa majani chai Kibugu, pale mashamba yanapoishia na msitu kuanza. Watu huniita Mama Nani. Nasema "Nani" kwa sababu jina lenyewe sitaliandika hapa. Ni jina la mwanangu, kifungua mimba wangu, naye alipewa la babu yake mzaa baba, kama ilivyo desturi yetu. Kwetu mwanamke akishazaa, jina lake la ubatizo hubaki kwenye kitambulisho. Mume wangu mwenyewe hakuniita jina lingine tangu mtoto yule azaliwe. Ukiniita la kitambulisho nikiwa shambani, huenda nisigeuke.

Mlima uko nyuma ya nyumba yetu. Asubuhi mawingu yakifunguka unaona weupe kidogo kule juu, mdogo kuliko ule niliouona nilipoolewa. Sikuwahi kutamani kuukaribia. Baridi ya Kibugu inanitosha. Kwa hiyo majirani waliposikia nataka kupanda ndege hadi Alaska, kwenye mbuga ambayo barafu yake huteremka kutoka milimani mpaka baharini na kumeguka mapande makubwa kama nyumba, waliona nimechanganyikiwa kwa ujane. Sikuwa nafuata barafu. Nilikuwa namfuata mwanangu.

Alikwenda Marekani kusoma, masomo yakamshinda njiani, akabaki. Karatasi zake zilikwisha muda zamani. Sasa anaosha vyombo na kusafisha samaki katika jiko la hoteli, kwenye mji mdogo wa bandari ambako watalii hupandia boti za kwenda mbugani. Akitoka nchi ile hawezi kurudi. Ndiyo maana baba yake alipofariki hakuja. Alitazama mazishi kwenye simu ya dada yake, na mtandao wa Kibugu ukiwa huu tunaoujua, aliona watu wakiimba, kisha akaona picha imesimama. Ilipoanza kwenda tena, tulikuwa tunagawa chakula.

Sikulia siku hiyo. Wengine walisema ni imani, wengine wakasema nina roho ngumu. Nilikuwa nimekufa ganzi tu. Wiki iliyofuata nilirudi kwenye majani. Vidole vilichuma vyenyewe, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, kapu likajaa mgongoni bila mimi kujua. Nilikula nilichopewa, nikakaa nilipoonyeshwa. Mtu akiniuliza habari, nilisema ni nzuri. Jambo moja tu nililitaka, na hata hilo nililitaka kimya kimya, bila joto lolote: kumwona mwanangu kwa macho yangu na kumshika mkono kabla sijafa na mimi.

Kitinda mimba wangu, msichana, ni mwalimu katika mji wa Maua. Yeye ndiye aliyepanga mambo yote, na alipanga kwa ukali, kama anayepanga watoto mstarini.

"Hutasema unaenda kumwona," akaniambia. "Wakijua ako huko bila karatasi, hiyo viza sahau. Utasema ni tour. Umestaafu, umefiwa, unataka kuona dunia."

"Nimestaafu nini?"

"Majani."

"Majani hayastaafishi mtu."

"Mama, please."

Kila alipopata nafasi alikuja Kibugu, tukaketi jikoni akanifundisha mbuga ile. Nikajua kwamba watu huenda wakati wa kiangazi chao, ambacho kwetu tungekiita Julai mbaya ya baridi. Nikajua kwamba boti huzunguka kutwa, kwamba fisi maji wa kule hulala chali juu ya maji kama wamelipiwa, na kwamba nahodha akifika mbele ya barafu huzima injini ili watu waisikie ikipasuka. Kuna barafu moja ambayo hufikiwa kwa miguu. Njiani wameweka vibao vyenye miaka, kuonyesha ilipokuwa imefika zamani kabla haijarudi nyuma. Hilo halikuhitaji kurudiwa kwa mtu anayeishi chini ya mlima wetu. Niliinuka, nikachochea moto, nikamwambia aendelee.

Mwanangu naye, kwenye simu, alizungumza barafu tu.

"Mama, siku ya boti uvae viatu vya mpira."

"Ninavyo. Ni vile vya shamba."

"Ukisikia kutapika, usiangalie chini. Angalia mbali."

Aliniambia kwamba ndani yake barafu ni ya buluu, na sikumwamini, akaapa. Hakumtaja baba yake, nami sikumtaja. Tulikuwa tumepata cha kuongea, tukakishikilia kwa mikono miwili. Tulipanga mpaka chakula cha kwenye boti. Nikasema nitabeba nduma za kuchemsha. Akasema zitashikwa uwanja wa ndege. Nikasema nduma iliyoiva haina ubaya, haiwezi kuota. Tulibishana juu ya nduma hadi chai yangu ikapoa, na tulipoagana nilikuwa sijui kama yeye ni mzima au ni mgonjwa.

Swali gumu lilikuwa moja. Binti yangu alikaa upande wa pili wa meza, akakunja uso kama mzungu wa ubalozini atakayenihoji.

"Una watoto wangapi?"

"Wawili."

"Mama! Mmoja. Uko na msichana mmoja, mwalimu, Maua. Kwisha."

"Mmoja," nikasema.

Nilisubiri neno hilo liniume, kama mtu anavyobonyeza jino bovu kwa ulimi. Halikuuma. Nikalirudia, halikuuma. Binti yangu akasema vizuri sana, akanimiminia chai.

Siri yenyewe ilikuwa siri kwa jina tu. Kina mama wa kanisa walikuja kuniombea safari, wakaleta mukimo na ndizi, na mmoja wao, mwenye sauti ya kupasua bati, akaomba: "Bwana, umfikishe Mama Nani kwa kijana wake, na hao watu wa ubalozi uwafunge macho!" Amina ikaitikiwa hadi barabarani. Binti yangu alijifunika uso kwa kanga. Mimi nilisema amina pamoja na wengine na nikagawa sahani.

Siku ya mahojiano tulishuka Nairobi alfajiri. Binti alibaki nje ya lango, hawaingii wawili. Nilisimama kwenye foleni nimevaa lile koti, kwa kuwa tulikubaliana lingeonyesha kwamba nina nia ya kweli ya baridi, nikatokwa jasho hadi kitambaa cha kichwa kikalowa. Maneno yangu yote niliyajua. Msimu, boti, vibao, fisi maji, msichana mmoja, Maua.

Nyuma ya kioo alikuwepo mwanamke kijana, mzungu, wa umri wa binti yangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa Kiingereza. Akatabasamu, akasema kwa Kiswahili safi cha vitabuni, "Shikamoo, mama." Kwetu salamu hiyo ni ya wimbo wa shule. Nilikawia hata kukumbuka jibu lake.

"Marahaba," nikasema.

"Pole kwa kusubiri. Nikuite nani, mama?"

Ni swali la kawaida. Pasipoti yangu ilikuwa mkononi mwake, jina limeandikwa humo. Lakini aliuliza kama mtu anayeuliza mgeni nyumbani, nami nikajibu kama mtu aliyeulizwa nyumbani. Ulimi hauna mfupa. Nikasema, "Mimi ni Mama Nani," na jina la mwanangu likatoka lote, la ubatizo na la babu yake.

"Ah," akasema kwa furaha, maana alizijua desturi zetu. "Huyo ndiye mtoto wako wa kwanza. Naye yuko wapi?"

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imeishia pale kwenye kioo. Njia moja tu ya kujiokoa ilikuwa imebaki, nayo ilinijia haraka mno: niseme alikufa. Nani angeuliza zaidi? Nilikuwa mjane, nilikuwa nimeizoea sauti ya kusemea jambo kama hilo. Nikafungua mdomo, na hapo nikaliona jeneza la pili likiteremshwa kando ya lile la kwanza, chini ya mparachichi wetu. Umewahi kuukalia mguu mpaka ukafa ganzi, kisha damu ikaanza kurudi? Ndivyo nilivyosikia, mwili mzima. Nilishika ukingo wa dirisha.

"Yuko huko," nikasema. "Yuko huko kwenye barafu. Baba yake amekufa na hakuja kumzika. Mimi sitaki kuona barafu yoyote, binti yangu. Nataka kumwona yeye."

Aliniuliza mengine mawili matatu, polepole, kuhusu karatasi zake. Sikujibu. Kutojibu kwangu kulimtosha. Akasema, "Pole sana, mama," na naamini alimaanisha, akanirudishia pasipoti pamoja na karatasi ya kunikatalia.

Binti yangu aliposoma karatasi ile pale kando ya barabara, aliketi kwenye ukuta.

"Si tulipractice? Ulisahau?"

"Waliniuliza naitwa nani."

"Na jina liko kwa pasipoti!"

"Hilo si jina langu," nikasema. Tulipopita Embu mjini aliniambia tu nifunge koti, nitapata homa.

Jioni mwanangu alipiga. Kwake ilikuwa asubuhi, alikuwa anajitayarisha kwenda jikoni.

"Mama, ulipata?"

"Sikupata. Nimewaambia uko huko. Nimekuchongea, mwanangu. Sasa watakutafuta."

"Wakikuja watanipata kwa sinki," akasema, akajaribu kucheka. Hapakuwa tena na boti wala viatu vya mpira vya kuongelea. Nilisikia maji yakitiririka upande wake, akayafunga.

"Mama," akasema. "Baba aliniulizia? Kabla hajaenda."

"Kila siku."

"Aliuliza nini?"

"Aliuliza kama umekula. Nikimwambia umekula, anauliza nimejuaje."

Nikamsikia analia. Mwanamume mzima, mwenye mvi sasa, alilia kama aliyeanguka mtini. Nami nikalia, pale pale kando ya meko, kwa sauti, hata binti yangu akaja mlangoni akasimama. Nilimlilia mume wangu siku hiyo, kwa kuchelewa, na machozi hayakuwa na haya.

"Basi nitakuja mimi," mwanangu akasema.

Nilijua maana yake. Akipita mlango ule, unafungwa nyuma yake. Miaka yake yote ya ujana, ya kusugua sufuria za watu na kungoja huenda siku moja sheria ikabadilika, inaishia hapo uwanja wa ndege, arudi Kibugu mikono mitupu, achekwe na waliobaki. Mama mwema angesema, usije mwanangu, kaa utafute maisha, Mungu atatukutanisha. Maneno hayo nilikuwa nayo. Nilipangusa pua kwa leso ili niyaseme vizuri.

"Njoo," nikamwambia. "Njoo hata kesho."