Zenzi Imhinterstall Atafuta wa Pili

Katika kijiji cha Hinterflüh, ukirusha jiwe ovyo litampata Furrer, na akipiga kelele, Furrer mwingine atatoka nje kuuliza kulikoni. Wako mia moja arobaini. Mpeleka barua alishakata tamaa na majina yao ya kanisani, kwa hiyo anawagawia barua kwa majina ya utani: Furrer Pua, Furrer wa Darajani, Furrer Hapana, ambaye hajapiga kura ya ndiyo hata siku moja maishani mwake.

Zenzi Imhinterstall hakuhitaji jina la utani. Tangu kaka yake Xaver afariki mwezi wa pili, ukisema Imhinterstall pale kijijini umemtaja yeye, basi. Jina lenyewe maana yake ni nyuma ya zizi. Marehemu Xaver alipenda kuwaambia watu baani kwamba mwanzilishi wa ukoo alikuwa askari wa farasi mwenye upanga. Zenzi alifagia ofisi ya kanisa miaka thelathini na alikisoma kitabu cha zamani kwa macho yake. Humo imeandikwa kwamba mwaka 1583 alishuka mlimani mtu asiye na jina, akaomba hifadhi ya siku moja nyuma ya zizi la padri, na hakuondoka tena. Ndiyo maana ngao ya ukoo ilikuwa na picha ya matako ya ng'ombe, na pembeni kichwa cha mwanamume anayetabasamu. Alichokuwa akikichekelea hakijulikani.

Ngao hiyo ilining'inia ukumbini pamoja na za koo nyingine tano za asili, zenye haki ya malisho ya juu na msitu wa kijiji. Kila sikukuu ya Mtakatifu Martino, mwezi wa kumi na moja, majina huitwa. Ukoo usipoitikiwa na watu wazima wawili, ngao yake hushushwa na kupelekwa ghalani. Zenzi alilijua ghala lile vizuri. Ngao ya akina Zurtann ilikuwa humo, imelazwa kifudifudi, na juu yake mtu ameweka ndoo ya rangi. Kila alipofikiria matako yale ya ng'ombe yakiwekewa ndoo, alishindwa kula.

Alimpigia simu mtoto wa binamu yake, Reto, daktari wa meno kule Winterthur.

"Shangazi, mimi siku hizi ni Keller," Reto alisema. "Nimechukua jina la mke wangu. Sheria mpya inaruhusu."

"Umelitupa jina la babu yako?"

"Mgonjwa ameshaiogopa sindano, shangazi. Nimwambie tena kwamba daktari ametokea nyuma ya zizi?"

Zenzi alikata simu bila kuaga, akakaa akiitazama. Kumbe mwanamume anaweza kuchukua jina la mke! Na mwanamume alikuwapo, tena si mbali.

Meinrad Furrer wa Kinuni alikuwa na umri wa miaka sitini na tisa, mpiga tuba wa bendi ya kijiji, bendi yenye Furrer kumi na nane na ngoma. Kwa miaka thelathini na mmoja, kila ng'ombe waliposhushwa kutoka malishoni, alimwomba Zenzi waoane, na kila mwaka Zenzi alimjibu vilevile: "Niwe Furrer wa mia moja arobaini na moja? Wataniitaje, Furrer Mke wa Furrer?" Mwaka huu Meinrad hakuomba. Labda alikuwa amechoka.

Zenzi alivaa koti zuri, akachukua mkate wa mapeasi makavu, akaenda kinuni.

"Meinrad, nioe."

Meinrad alilitua tuba chini polepole. "Umekunywa?"

"Nioe, ila jina utachukua langu."

"Ahaa. Kwa hiyo unamtaka Imhinterstall. Meinrad humtaki."

"Namtaka Imhinterstall, na wewe ndiye uliye karibu."

Wako watu wanaojaliwa kusema jambo vibaya hata wakipewa siku nzima ya kujiandaa, na Zenzi aliongoza msafara wao. Meinrad aliinama, akaufuta mdomo wa tuba kwa leso.

"Miaka thelathini na mmoja nakuomba kwa sababu nakupenda, bibie. Wewe unaniomba kwa sababu ya ubao."

"Ni ngao."

"Ni ubao wenye matako ya ng'ombe, Zenzi." Alikata kipande cha mkate, akakitafuna mpaka kikaisha. "Haya. Twende tukaandikishe."

Walioana mwezi wa kumi mbele ya karani. Akina Furrer walinuna wiki nzima, kana kwamba kati ya mia moja arobaini pengo lile lingeonekana. Zenzi naye akatundika ratiba mlangoni, maana mwanamke yule alikuwa na ratiba hata ya kukung'uta mazulia: Jumatano na Jumapili, saa tisa hadi saa kumi na moja jioni, mume, kahawa. Baada ya hapo Meinrad alirudi kinuni kwake, akapiga tuba nyimbo za polepole.

Sikukuu ya Mtakatifu Martino ikafika. Mwenyekiti, Balz Furrer, aitwaye Balz Kifungu, aliwaita akina Furrer kwa dakika ishirini na tano, kisha akina Gisler, Arnold, Walker na Planzer. Mwisho akafunua ukurasa.

"Imhinterstall!"

"Nipo!" alisema Zenzi.

"Nipo," alisema Meinrad.

Zenzi alitoa cheti chenye mihuri mitatu. Balz alikikagua mbele na nyuma, kisha akalamba kidole na kufungua kitabu cha kanuni. Zenzi alimwona akifurahi.

"Kifungu cha nne. Wawili wakiwa ni mke na mume, sharti wawe na moto mmoja. Je, mnapika jiko moja?"

Uongo usingefaa kitu, kwani Hinterflüh watu hutazama moshi wa dohani na kukuambia umechemsha viazi au umepasha vya jana.

"Bado, Bwana Mwenyekiti," alisema Meinrad. "Jumatano na Jumapili nanywa kahawa."

Watu walicheka mpaka viti vikalia. Zenzi aliona aibu, aibu ya kweli. Vyeti alivitafuta, mihuri aliifuatilia, blauzi aliipiga pasi mara mbili. Lakini kwamba mume huletwa nyumbani, hilo halikumjia kichwani hata kidogo.

"Orodha inafungwa lini?" aliuliza.

"Kengele ya saa sita mchana." Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na dakika thelathini na tano.

Hapo Furrer Hapana akainuka. "Mimi hapana! Ngao ile ndiyo ninayoitazama kila mnapohutubia. Mkiishusha nitazame nini, nyuso zenu? Nani ana mkokoteni?"

Ukumbi mzima ulimwagika nje. Walewale walionuna ndio waliotangulia mbio. Kitanda cha Meinrad kilivuka daraja kichwa chini miguu juu. Furrer Pua alibeba suruali saba, Furrer wa Darajani alilivaa tuba shingoni, na mtu mmoja alimkumbatia paka ambaye, ilikuja kujulikana baadaye, hakuwa wa Meinrad. Balz Kifungu alikimbia nyuma yao na kitabu chake.

"Chungu chake!" alikuwa akipiga kelele. "Chungu cha mume kichemke kwenye moto wa mke! Bila hivyo siandiki!"

Waliweka jikoni kwa Zenzi chungu cha makaroni, viazi na jibini kilichotoka kinuni. Zenzi alichochea kuni kama mwenye wazimu. Kengele ilipoanza kulia, jibini lilifurukuta juu ya makaroni mara moja, mara mbili.

"Wawili," Balz aliandika, akafunga kitabu. Watu walishangilia, wakakumbuka soseji zilizowangoja ukumbini, na kufumba na kufumbua wakawa hawapo.

Jikoni walibaki wawili. Meinrad alisimama katikati ya suruali zake, kofia mkononi, hajui aiweke wapi.

"Balz ameshaandika," alisema kwa sauti ya chini. "Ukitaka, naweza kupita mlango wa nyuma nirudi kinuni. Hakuna atakayeniona."

Zenzi alimtazama. Mzee wa watu alikuwa ametoa jina lake lote bila kudai chochote, na bado alikuwa anauliza kama aondoke. Zenzi alitaka kusema jambo zuri, lakini mazuri hakuwahi kuyaweza. Akaishika ratiba ya mlangoni, akaivuta, akaitia motoni chini ya chungu.

"Vua viatu, Meinrad," alisema. "Wenye nyumba hawaingii na viatu."