Bafu la Mpakani

Siafu wamewahi kunivamia, nikawamwagia majivu ya moto. Fuko alipoingia kwenye viazi vitamu, nilimtegea kamba. Mashemeji huja Desemba wakitaka kukaa mpaka shule zifunguliwe; hao nawapa majembe, na kabla ya wiki kwisha wanakumbuka kwao. Lakini baba mkwe mdogo, huyo alinitoa jasho.

Ni ndugu wa marehemu baba mkwe wangu, na shamba lake hapa Manga linapakana na letu. Mpaka ni mstari wa nepia tu, majani ya ng'ombe. Kila msimu wa kulima jembe lake lilimega shubiri moja upande wetu, na nepia ikahama nalo. Jumamosi tu ndiyo tulipumzika, maana sote ni Wasabato. Amri ya Sabato mzee aliishika vizuri. Ile ya usiibe, mmh!

Mwaka juzi akafikia ndizi zangu. Mashina saba ambayo ndizi zake nauza soko la Kisii, ndiyo yanayolisha wanangu. Nikamwambia mume wangu, akajikuna kichwa: "Baba ni baba." Haya. Mimi nami siwezi kumpandishia mkwe sauti. Kwetu kuna heshima ya ukwe, chinsoni, na haina mchezo: yeye haingii nyumbani mwangu, mimi simkodolei macho, na Mungu apishe mbali amkute mke wa mwanawe hajavaa.

Hapo ndipo akili iliponijia. Niling'oa bafu letu la magunia nyuma ya jikoni, nikalisimika mpakani, kando ya ndizi. Mzee alipotokea na jembe, niliingia na karai langu nikaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya kuamsha Manga nzima. Akakohoa, akageuka, akaenda zake kama kuku aliyenyeshewa. Alirudi saa nne, nikaoga. Alirudi alasiri, nikaoga tena. Na baridi ya Manga mnaijua! Mafua yalinishika wiki nzima, lakini nepia haikusogea. Nilifurahi kupita kiasi, sifichi.

Jumatatu, nikiwa na sabuni machoni, nikasikia jembe. Nikachungulia kwenye tundu la gunia: mzee amemtuma mkewe! Mwanamke mwenzangu hafukuzwi na bafu. Lo, nimekwisha! Nikitoka kupigana na mama wa watu nikiwa na leso moja, kanisa zima litanisema.

"Mama," nikaita, "hizo ndizi ni chakula cha watoto."

"Wewe imba," akajibu. "Ukinyamaza mzee atakuja kuangalia."

Nikaimba kitabu kizima cha nyimbo. Nilipotoka, nepia ilikuwa imepandwa upya, hatua tatu ng'ambo ya ndizi, upande wao. Mama alikuwa akipangusa jasho kwa kitambaa cha kichwa.

"Mpaka ulikuwa hapa," akasema. "Nepia ya kwanza niliipanda mimi, mwaka nilioolewa. Nimemtazama akiihamisha miaka yote hii, nikanyamaza."

Nililia mbele yake bila aibu. Yeye hakulia. Aliweka jembe begani, akashuka kwenda nyumbani kumwambia mumewe.